Taa Mbili Zilizokuja kwa Boda

Nilistaafu mwezi uliopita kwa sababu ya macho. Muuzaji wa vipuri vilivyotumika lazima aweze kusoma namba ndogo iliyopigwa kwenye chuma chenye oili, na mimi siku hizi naomba msaada hata kusoma bei ya sukari. Sharon, ambaye sasa amekalia kiti changu dukani Kansanga, ameniomba niwaandikie wafanyakazi wapya kuhusu kununua na kuuza vipuri kwa simu. Nilidhani anataka masharti. Masharti yako ukutani tangu zamani, amesema. Anachotaka ni kujua yalitoka wapi.

Naitwa Peninah Nafula, mtu wa Bungoma, Kenya. Nilikuja Kampala kwa binamu yangu aliyekuwa akiuza nguo soko la Owino, nikiamini nami nitauza nguo. Zilinishinda wiki ya pili. Sikuweza kumwambia mtu suruali imempendeza wakati namwona imembana. Binamu yangu akaniambia, "Wewe tafuta kitu ambacho mteja hakivai." Ndivyo nilivyofika kwa Ssalongo.

Ssalongo ni jina ambalo Waganda humpa baba wa mapacha. Jina lake lingine nililiona mara moja tu, kwenye leseni ya biashara. Alikuwa ananunua magari yaliyogongwa au yaliyochoka, anayafungua bolti kwa bolti kwenye uwanja wa nyuma, na vipuri anavipanga dukani mbele, kando ya barabara ya Ggaba. Siku yangu ya kwanza aliniwekea kitu kizito mkononi.

"Hii ni nini?"

"Chuma," nikasema.

"Chuma iko mingi. Hii ni stata, ya kuwasha injini. Nusa."

Nilinusa. Ilikuwa na harufu ya nywele zilizoungua. Akachukua nyingine, nikanusa, nikapata harufu ya grisi tu. "Ya kwanza imekufa," akasema kwa Kiswahili chake cha Kiganda, l ikigeuka r. "Ya pili inarara tu. Mteja hajui tofauti. Wewe utajua, na utamwambia."

Mafunzo yake yote yalikuwa hivyo, ya mkononi na ya puani. Alinipa brashi ya waya, kopo la petroli, tochi na spana namba kumi ambayo kila mtu dukani aliiazima na hakuna aliyeirudisha. Alinionyesha mchanga laini ndani ya alteneta, dalili kwamba gari lilizama kwenye mafuriko. Alinifundisha kumwuliza mteja namba ya chasi kabla ya kumtajia chochote, maana magari mawili yenye jina moja na rangi moja yanaweza kutofautiana hadi kwenye breki. Na siku moja, akiwa ameshika taa ya mbele iliyoletwa na mtu asiyemjua, aliigeuza upande wa nyuma.

"Angaria waya. Mtu mwenye gari yake anachomoa plagi. Mtu ambaye gari si yake, hana muda. Anakata."

Waya zilikuwa zimekatwa. Alimrudishia yule mtu taa yake kwa adabu kabisa, akamtakia safari njema, na alipoondoka akanawa mikono.

Nilifanya kazi hivyo miaka mingi, na sina la kusimulia juu ya miaka hiyo isipokuwa kwamba mgongo wangu unaikumbuka. Kisha kila mtu akawa na simu yenye kamera. Wateja wakaanza kuja na picha badala ya kuja na kipuri kibovu. Wauzaji wakaacha kuja kabisa. Wakawa wanatuma picha kwenye makundi ya mtandaoni na kusubiri. Mimi niliipenda ile njia. Asubuhi moja niliuza gia boksi kwa mtu wa Gulu kabla sijamaliza chai. Ssalongo hakuipenda. "Picha hainuki," alisema, na mazungumzo yakaishia hapo.

Halafu akafanyiwa upasuaji wa nyonga, akaenda kukaa kwa binti yake Masaka apone, akaniachia duka. Nilijiwekea ahadi kwamba akirudi atakuta duka linauza kwa simu mara mbili ya lilivyouza kwa mlango. Hakuna aliyeniomba hivyo. Kilikuwa kiburi changu mwenyewe, na nakitaja mapema ili msije mkamlaumu mtu mwingine mnaposoma yanayofuata.

Kulikuwa na muuzaji mtandaoni aliyejiita Ronnie. Aliandika vizuri, kwa heshima, kila ujumbe unaishia na "Mungu akubariki, dada." Alituma picha ya taa mbili za mbele za Toyota Premio, safi kama zimetoka kiwandani, zimepigwa picha upande wa mbele tu. Nilimwambia alete dukani. Akasema ana mgonjwa nyumbani, atamtuma bodaboda. Nilikuwa tayari na wateja wawili wanaotafuta taa hizo. Nikakubali.

Zilifika Jumanne asubuhi ndani ya gunia la mchele. Aliyezileta alikuwa Papa Amani, Mkongomani wa Bukavu, mtu wa makamo aliyekuwa akiendesha boda kutoka stendi iliyo karibu na duka letu. Tulifahamiana kwa salamu tu. Kwa kuwa alitakiwa kusubiri nithibitishe mzigo, nilifungua gunia mbele yake. Nikazigeuza zile taa.

Waya zilikuwa zimekatwa. Na kwenye kona ya kila taa plastiki ilikuwa imesuguliwa kwa msasa, mahali pale pale ambapo watu wa Kampala huchora namba ya gari ili taa ikiibwa ijulikane.

"Hizi zimekatwa," nilisema, kama ninayeongea na gunia. Kisha nikamwuliza Papa Amani, "Umezichukua wapi?"

"Kwa pale banasafishaka magari, mama. Mbuya, chini ya kilima. Kuna shida?"

Nilisimama pale labda kwa dakika moja. Nilijua. Ningeweza kuzirudisha ndani ya gunia na kumwambia azipeleke kwa hao waosha magari alikozitoa. Badala yake nikamwambia hakuna shida, nikamtumia Ronnie hela yake, nikazifuta taa kwa kitambaa. Nikazipiga picha, upande wa mbele tu, kama alivyofanya yeye, nikazirusha kwenye kundi.

Alhamisi aliingia dukani mzee mrefu mwenye mvi, shati lake limepigwa pasi hadi kwenye mikono.

"Habari ya hapa, mama. Mimi naitwa Sajenti Okello. Jeshi nimetoka, lakini jina imebaki. Nimeona taa za Premio kwa simu ya jirani."

Nikasema zipo, nikageuka kuziendea.

"Ngoja," akasema. "Kabla hujaleta, nikuambie kitu. Taa ya kushoto, kishikio ya chini ilivunjika. Mimi mwenyewe nilifunga na waya ya shaba. Nilizungusha mara nne, mwisho nikapinda ndani isikate mtu mkono. Kama haiko hivyo, nitasema pole na nitaenda."

Niliileta ile taa ya kushoto, nikaigeuza juu ya kaunta. Mizunguko minne. Ncha imepindwa ndani.

Nilitegemea apige kelele. Aliomba kiti. Akaeleza kwamba mke wake alifanyiwa upasuaji wa goti, na mara mbili kwa wiki lazima apelekwe hospitalini kufanyishwa mazoezi. Gari likiwa na matundu mawili usoni, askari wa barabarani hawawezi kuliruhusu kupita. "Kwa hiyo nampakia kwa boda. Anakaa upande, mguu imenyooka kama bunduki. Wiki iliyopita mtu amegonga ile mguu kwa taa nyekundu. Alilia, na huyu mwanamke mimi sijawahi kumwona akilia." Akanitazama. "Mama, wewe ulijua hizi zimeibwa?"

"Sikujua," nikasema.

"Nakuamini. Unaonekana mama wa ukweli."

Tulikwenda pamoja kituo cha polisi. Mpelelezi alikuwa mwanamke mtulivu mwenye mwandiko mzuri sana. Nilimweleza kwamba mzigo uliletwa na bodaboda, kwamba niliufungua baada ya yeye kuondoka, kwamba sikuona jambo lisilo la kawaida, na kwamba sijui ulitoka wapi. Hayo yote niliyasema bila kutoa jasho. Nikaweka sahihi. Namba ya simu ya Ronnie walipoifuatilia ilikuwa imesajiliwa kwa jina la bibi mmoja wa kijijini aliyepoteza kitambulisho chake.

Lakini Ronnie mwenyewe hakuwa na habari. Jumatatu akaniandikia tena: ana vioo vya pembeni. Mpelelezi akaniambia nimjibu kama kawaida. Nikamjibu. Saa nne asubuhi pikipiki ikasimama mbele ya duka, na kabla Papa Amani hajavua helmeti, askari wawili waliokuwa wamekaa ndani kama wateja wakamshika mikono.

Hakupinga. Alinitazama tu, kama mtu anayesubiri mwenzake amalize kueleza kwamba kuna makosa. Mimi nikajishughulisha na kufunga mlango.

Kituoni walimkalisha kwenye benchi bila viatu. Sajenti Okello naye alikuwepo, ameitwa kuvitazama vile vioo. Mpelelezi akamwambia Papa Amani kwamba yeye ndiye kiungo: anabeba mali ya wizi, anapokea malipo, hataki kusema.

"Lakini mi nilisema!" Papa Amani akapaza sauti kwa mara ya kwanza. "Mi nabeba tu. Nilisema kwa huyu mama ile siku ya taa. Alifungua mbele yangu, akasema zimekatwa, akaniuliza nimezitosha wapi. Nikamwambia, kwa pale banasafishaka magari. Muulizeni!"

Mpelelezi akafungua faili, akanisomea maelezo yangu taratibu. Mzigo ulifunguliwa baada ya mleta mzigo kuondoka. Hakuona jambo lisilo la kawaida. Hajui ulitoka wapi. "Hivi ndivyo ulivyosema, mama?"

Nimeulizwa mara nyingi kazi ngumu kuliko zote katika biashara yetu ni ipi, na watu hutegemea niseme kunyanyua injini. Ilikuwa ile dakika. Mtu mmoja alikuwa amekaa kwenye benchi miguu mitupu, mkimbizi, akiwa na karatasi moja tu ya kumtetea katika nchi hii, na neno langu lilikuwa na uzito zaidi ya lake kwa sababu mimi nina duka. Ningenyamaza tu, ingekwisha.

"Afande," nikasema, "nataka kubadilisha maelezo yangu."

"Sehemu gani?"

"Sehemu zote zinazonihusu mimi. Huyu baba anasema kweli. Niliona waya, niliona zimesuguliwa, na aliniambia zilikotoka. Nilinyamaza kwa sababu nilitaka kuuza."

Mpelelezi alichukua karatasi mpya. Sajenti Okello akainuka, akasimama mbele yangu.

"Alhamisi nilikuuliza swali moja tu, mama," akasema. "Ungejibu hivi, tungeenda pale pa kuosha magari mimi na wewe, na huyu baba asingekaa hapa bila viatu."

Kisha akatoka nje kuvuta hewa. Tusi lolote ningelisahau. Hilo sijalisahau.

Mambo mengine yalikwenda haraka. Pale pa kuosha magari walikuta stoo iliyojaa taa, vioo na kompyuta za injini, na Ronnie ndiye aliyekuwa msimamizi. Sajenti Okello alikuwa akimpelekea gari lake kila Jumamosi na kumwachia ufunguo. Walizoea kuulizana habari za nyumbani. Ndivyo Ronnie alivyojua gari linalala upande gani wa ua na mbwa amefungwa wapi. Ronnie alifungwa jela. Papa Amani aliachiwa siku ile ile mchana. Alivaa viatu vyake, akapita karibu yangu, hakuniaga. Mimi nilizuiliwa, nikaachiwa jioni kwa dhamana, na baadaye wakaamua nitoe ushahidi badala ya kushtakiwa. Duka lilifungwa wiki tatu.

Ssalongo alirudi kutoka Masaka na fimbo yake kabla hajapona sawasawa. Nilikuwa nimeshaandaa barua ya kuacha kazi. Hakuichukua.

"Uliona waya?"

"Niliona."

"Mimi nilikufundisha?"

"Ulinifundisha."

"Basi shida si macho," akasema. Akachukua ufagio na kuanza kufagia mbele ya duka, huku ameegemea fimbo, nami nikaona aibu kumnyang'anya.

Siku zilizofuata tulikaa tukiulizana: ile Jumanne, ni kitu gani kingenizuia hata nikiwa na kiburi? Masharti ya ukutani yalitoka hapo. Kila muuzaji wa mtandaoni atume picha ya nyuma ya kipuri, waya na vishikio vionekane. Alete mwenyewe, mchana, dukani, na kitambulisho chake pamoja na karatasi za gari kipuri kilikotoka. Mzigo ufunguliwe mbele ya aliyeuleta, na watu wawili wa duka waandike walichokiona kabla hela haijatoka. Mzigo ukiwa na shaka, urudi na gunia lake.

Mengine tuliyaongeza kadiri tulivyoumia, au wateja walivyoumia. Tukinunua kwa mtu wa mbali, hakuna kutuma hata shilingi ya "kushikilia mzigo". Wanaoomba ya kushikilia mara nyingi hawana mzigo. Tukimpelekea mteja, tunakwenda wawili, na tunakutana kwenye kituo cha mafuta chenye watu, si kwake wala nyuma ya baa. Picha tunazorusha hazionyeshi namba ya gari wala geti la mtu. Na kuna vitu hatuuzi vikiwa vimetumika, uje na picha uje na maombi: mikanda ya viti, mifuko ya hewa, pedi za breki. Mama mmoja wa Kansanga alinikasirikia sana kwa mfuko wa hewa. Aliuona mtandaoni, umekunjwa vizuri, ana hakika ni mzima. Nikamwambia njia pekee ya kujua kama ni mzima ni kugonga ukuta. Akanuna, akaenda. Baada ya mwezi alirudi kununua kioo, bado amenuna, nikamshukuru Mungu kwamba yuko hai na amenuna.

Kwa Sajenti Okello, taa zake zilikaa polisi kama kielelezo kwa miezi mingi. Ssalongo alinunua Premio iliyogongwa nyuma, akamwita aje na mke wake. Waliketi uwanjani kwenye viti vya plastiki, mama yule mguu wake juu ya kreti ya soda, nami nikafungua taa mbili mbele ya macho yao kwa spana, nikachomoa plagi moja moja, nikamkabidhi na nakala ya kadi ya gari. Sajenti alizigeuza zote mbili akazikagua nyuma. Alinishukuru kwa kazi. Hakuniita tena mama wa ukweli, na sikustahili.

Nimemwacha Papa Amani mwisho kwa sababu yeye ndiye aliyenisumbua zaidi. Baada ya ile siku hakuonekana tena stendi. Wenzake walisema amehama, hawajui wapi. Nilimtafuta Jumapili baada ya Jumapili kwenye makanisa ya Wakongomani, nikisimama mlangoni ibada inapokwisha, hadi akina mama wa kwaya wakaanza kunisalimu kwa jina. Nilimpata karibu na Pasaka. Alikuwa na mke wake na binti mdogo mwenye gauni la njano. Aliponiona alimwambia mke wake atangulie.

"Nisamehe, Papa," nikasema. Nilikuwa nimetayarisha maneno mengi, yakabaki hayo.

"Mama, unajua mi nilikimbia Congo juu ya nini? Watu walikuwa naandika majina ya batu kwa karatasi. Jina yako ikiwa pale, haurudi nyumbani. Ile siku, yule afande alikuwa nasoma karatasi yako, mi nilisikia jina yangu haina mtu wa kuitosha."

"Nilichelewa kulitoa."

"Ulichelewa," akakubali. "Lakini uliitosha. Pale nilitoka, hakuna mutu aliitoshaka."

Binti yake alikuwa anamwita kutoka barabarani. Papa Amani akamwonyesha mkono asubiri, akanigeukia na kuniuliza, kwa sauti ya mtu wa kazi, kama duka bado liko na mizigo ya kubeba. Nikamwambia ipo, lakini siku hizi tunafungua kila gunia mbele ya mbebaji na yeye anaandika sahihi pamoja nasi.

"Ni vizuri," akasema. "Kesho saa mbili nitakuwa pale. Na mi nitaandika jina yangu mwenyewe."

Alikuja saa mbili kasorobo.